Nilivyotaka Kumpa Jina Jipya Popo wa Mafia

Asubuhi niliyopokea majibu ya wahakiki wa jarida nilikuwa maabara nikisafisha fuvu la popo kwa brashi laini, na barua ile niliisoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa niliamini ingenitaka nirekebishe mambo mawili matatu kisha makala ichapishwe. Mhakiki wa kwanza alikuwa na swali moja la msingi, ambalo alilirudia kwa namna mbalimbali katika kurasa nne: nilijuaje kwamba wanyama wote niliowapima walikuwa wamekomaa? Niliyatoa madaftari yangu ya msimu wa kwanza, nikayapekua ukurasa kwa ukurasa, nikakuta jinsia, uzito, tarehe na hata aina ya mti ambao popo walikuwa wamelala, lakini umri wa mnyama sikuuandika popote. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ile nususpishi mpya, yaani tawi dogo ndani ya spishi moja, niliyoihangaikia kwa miaka minne huenda haikuwapo.

Naandika haya kwa ajili ya wanafunzi wa zoolojia wa Afrika Mashariki ambao tayari wana mnyama wa kisiwani machoni na jina jipya kichwani. Sitaki kuwakatisha tamaa. Kazi ya kueleza na kutaja viumbe vya kwetu ni yetu, na ningefurahi kuona wengi zaidi wakiifanya. Ila mimi niliianza kwa kutafuta tofauti kabla ya kujifunza kulinganisha, na kosa hilo lilinigharimu fedha, muda na usingizi.

Popo ninayemzungumzia ni yule mkubwa alaye matunda, wa jenasi Pteropus, anayelala mchana juu ya miti mirefu ya kisiwa cha Chole na kwenye mikoko ya Mafia. Ana uzito wa karibu nusu kilo, hana mkia, na uso wake ni mrefu wenye macho makubwa, ndiyo maana watu wanaomwona kwa karibu mara ya kwanza humfananisha na mbweha. Jenasi hii ilienea kutoka upande wa Asia ikaja magharibi kisiwa baada ya kisiwa, ikafika Shelisheli, Madagaska na Komoro, lakini haina makazi katika bara la Afrika. Mafia iko kilomita kama 20 tu kutoka delta ya Rufiji, umbali ambao popo huyu anaweza kuuruka kwa usiku mmoja, na bado ng'ambo hakujawahi kuwa kwake. Pemba ina spishi yake yenyewe, Pteropus voeltzkowi, isiyopatikana kwingine kokote duniani. Unguja, iliyo katikati ya Pemba na Mafia, haina popo wa jenasi hii. Na wale wa Mafia, vitabu vinawaweka pamoja na popo wa Komoro, walio zaidi ya kilomita 500 kusini-mashariki, kwa jina la Pteropus seychellensis comorensis.

Nilipoiona ramani hiyo kwa mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilijiambia kwamba popo waliotengwa na ndugu zao kwa bahari ya upana ule hawawezi kuwa wamebaki wale wale. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Visiwa ndivyo mahali ambapo viumbe hutengana na kuachana maumbile. Tatizo ni kwamba niliacha kuiita dhana mapema mno, na tangu siku ile kila nilichokiona nilikiona kama ushahidi.

Kulikuwa pia na hisia ambayo sina sababu ya kuificha. Popo wa Shelisheli alipewa jina na Milne-Edwards, Mfaransa, mwaka 1877. Wa Komoro alipewa jina na Nicoll, Mwingereza, mwaka 1908. Wa Pemba alipewa jina na Paul Matschie akiwa Berlin mwaka 1909, na jina lenyewe ni la Alfred Voeltzkow, msafiri wa Kijerumani aliyekusanya wanyama katika visiwa hivi. Nilitaka katika orodha hiyo liwemo jina lililotungwa na mtu aliyezaliwa akiwasikia popo hawa wakigombea maembe usiku juu ya paa la nyumba yao. Hamu hiyo bado ninayo. Niliyojifunza ni kwamba hamu haipaswi kukaribia kipimo.

Mwaka wa kwanza ulikwisha kwenye vibali. Kwa Tanzania bara, ambako Mafia imo kama wilaya ya Mkoa wa Pwani, utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kukamata mnyama kunahitaji ruhusa yake ya pekee, kisha unajitambulisha wilayani, kisha kwa serikali ya kijiji. Hayo niliyajua. Jambo ambalo sikulijua, na ambalo ningelijua kama ningeuliza mapema, ni kwamba jenasi nzima ya Pteropus imo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mkataba huo haumtazami mnyama mzima peke yake. Hata kipande cha utando wa bawa chenye upana wa milimita tatu, kikitoka nchini kwenda maabara ya nje kwa uchunguzi wa vinasaba, kinahitaji kibali cha kusafirisha kutoka kwetu, na nchi kinakokwenda inaweza kudai cha kwake. Sampuli zangu za msimu wa kwanza zilikaa kwenye jokofu miezi saba zikisubiri karatasi ambayo ningeweza kuiomba siku ileile niliyoomba kibali cha utafiti. Anayepanga kazi ya namna hii na aanze na mwisho: aandike sampuli itaishia wapi, kisha arudi nyuma akihesabu ni saini ngapi zitahitajika njiani.

Fedha za mradi zilitosha nusu ya kazi. Nusu nyingine niliilipia kwa kuuza pikipiki yangu na kwa mkopo wa kaka yangu, ambao nimemaliza kuulipa mwaka huu. Gharama moja ambayo wengi huikwepa na hawapaswi kuikwepa ni chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila anayeshika popo, ile inayochomwa kabla ya kuingia kazini, pamoja na glavu nene na barakoa. Popo anaweza kubeba virusi vinavyoweza kumuua mtu, na kijana anayekushikia mfuko usiku ana haki ya kinga sawa na yako wewe mwenye jina kwenye makala. Msimu wa kwanza mimi nilichanja peke yangu. Sijivunii hilo, na msimu uliofuata sikumruhusu mtu kugusa wavu kabla hajakamilisha sindano zake.

Tulivuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na kutoka hapo tukaenda Chole. Wavuvi wa pale ndio waliotufundisha namna ya kupandisha wavu mrefu kati ya miti miwili kwa kapi na kamba, kama wanavyopandisha tanga, maana wavu uliofungwa kwenye miti ya mianzi haukufika hata robo ya urefu ambao popo hupita. Usiku wa kwanza tuliwapata wanne. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nimepima popo ishirini na sita, na kila nilipoandika urefu wa kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, ambacho ndicho kipimo cha kwanza kwa popo yeyote na kwa hawa huwa takriban sentimita 15, moyo ulinidunda, kwa kuwa wengi walikuwa wafupi kuliko vipimo vya Komoro nilivyovikuta kwenye machapisho.

Jioni moja mzee mmoja wa Chole, ambaye tulikuwa tukiweka vifaa vyetu barazani kwake, alikuja akasimama kututazama tukitegua wavu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hao mnaowashika hapa chini ni vitoto vinavyojifunza kuruka. Wakubwa wanapita kule juu, hawashuki mpaka wafike kwenye matunda." Nilimshukuru kwa adabu zote, nikaendelea na kazi. Nilidhani anazungumzia jambo la kawaida tu la tabia za popo. Maneno yale hata daftarini sikuyaandika, na leo ningetoa chochote niyakute pale yakiwa na tarehe, kwa sababu ndani ya sentensi mbili alikuwa amenieleza kasoro ya utafiti wangu wote.

Namna ya kumtambua popo ambaye hajakomaa ni rahisi kiasi cha kuumiza. Niliionyeshwa mwaka uliofuata na mtafiti mwenzangu aliyekuwa na uzoefu kuliko mimi. Unamshika popo kwa utulivu, mwili wake ukiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, unalitoa bawa moja na kulikunjua taratibu, kisha unawasha tochi nyuma ya utando, pale kidole kinapoungana na mfupa wa kiganja. Kwa popo mzima, kiungo kinaonekana kama fundo moja dogo, jeusi na la mviringo. Kwa popo mchanga, kando ya kiungo kuna kipande kinachopitisha mwanga, chembamba kama ukucha wa mtoto, kwa kuwa pale bado ni gegedu na mfupa haujafunga. Ukiona mwanga ule, mnyama yule bado anakua, na kigasha chake hakikwambii lolote kuhusu ukubwa wa watu wa kwao. Kwenye fuvu nako kuna alama yake, mshono ulio chini ya fuvu karibu na tundu la uti wa mgongo, ambao kwa aliyekomaa huwa umeziba. Usiku ule, nikiwa nimepiga magoti mchangani na tochi mkononi, niliona mwanga kwenye popo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Badala ya kusimama nikajiuliza kuhusu wale ishirini na sita wa mwaka uliotangulia, nilijiambia kwamba mwaka ule bila shaka tulikuwa na bahati ya kupata wakubwa. Mtu anayetaka jambo liwe kweli hujipatia majibu upesi.

Kosa jingine lilikuwa dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Tulipoishiwa na ethanoli safi, nilinunua spiriti dukani, ile ya rangi ya zambarau inayotumiwa kwenye majiko, nikahifadhia humo vipande vya mabawa kutoka kwa popo tisa. Spiriti ile huchanganywa na kemikali nyingine ili watu wasiinywe, na maabara ilipojaribu kutoa DNA katika vipande vile haikupata kitu cha kusomeka. Popo tisa walitobolewa mabawa bure. Tundu lenyewe huziba baada ya wiki chache na mnyama huendelea kuruka, lakini hata hivyo nilihisi nimewadai kitu ambacho sikuwa na cha kuwalipa. Bebeni ethanoli ya asilimia 95 mara mbili ya mnayodhani mtaihitaji, mgawe katika vichupa viwili tofauti, na kila kichupa kiwe na lebo ya karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli.

Baada ya msimu wa pili nilikwenda Ulaya kwa majuma matatu kuona ngozi na mafuvu ya popo wa Komoro katika makumbusho. Vielelezo vya namna hii, hasa kile kimoja kinachobeba jina, ambacho wataalamu hukiita holotaipu, kwa kawaida haviazimwi, na ndiyo maana mwanafunzi wa kwetu analazimika kusafiri kwenda kumwona mnyama wa bahari yake mwenyewe akiwa kwenye droo ya mbao iliyonuka dawa. Nakumbuka droo ile ikivutwa, ngozi zimelala safu kifudifudi, kila moja na lebo yake mguuni, na mwandiko wa watu waliokwisha kufa zamani. Nilitoa picha zangu za popo wa Chole, nikaziweka kando ya ngozi zile. Tofauti ilikuwa wazi hata kwa mtoto: kola ya manyoya shingoni kwa popo wangu ilikuwa ya dhahabu iliyopauka, na kwa wale wa Komoro ilikuwa nyekundu ya kutu. Nilitoka nje nikampigia simu mama yangu, nikamwambia, "Mama, nimempata."

Msimamizi wa mkusanyiko ule, mtu mpole sana, aliniuliza siku ya mwisho kama nilikuwa nimezingatia umri wa ngozi. Nilidhani anauliza umri wa popo. Alikuwa akiuliza umri wa ngozi kama ngozi, yaani miaka iliyokaa kwenye droo. Manyoya ya mnyama aliyehifadhiwa kwa miongo mingi hubadilika rangi, na mara nyingi huelekea wekundu; aliyehifadhiwa katika pombe naye hupauka. Kulinganisha picha ya mnyama aliye hai na ngozi ya karne iliyopita ni kulinganisha miaka, na spishi hazimo humo. Alinionyesha ngozi za popo wa eneo moja, zilizokusanywa kwa nyakati tofauti, na wekundu ulizidi kadiri tarehe zilivyorudi nyuma. Niliyaandika maelezo yake, nikayaweka kwenye tanbihi ya makala yangu. Palikuwa mahali pabaya pa kuyaweka, kwa kuwa yalistahili kuwa swali la kwanza.

Kuhusu jina lenyewe, yako mambo ambayo nilijifunza vizuri na ambayo bado yatamfaa mwingine. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinataka jina jipya litangazwe waziwazi kuwa ni jipya, liambatane na maelezo yanayomtofautisha mnyama huyo na wengine, lionyeshe kielelezo kinachobeba jina, na litaje mkusanyiko ambamo kielelezo hicho kimehifadhiwa au kitahifadhiwa. Makala ikichapishwa kwa njia ya elektroniki pekee, ni lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama mtandaoni, na ushahidi wa usajili huo uwemo ndani ya makala. Jina la nususpishi ni la tatu baada ya jina la jenasi na la spishi, na likiwa sifa kwa Kilatini hufuata jinsia ya jenasi. Ukitaka kumtukuza mwanamke mmoja humalizikia kwa -ae, mwanamume kwa -i, na mahali mara nyingi kwa -ensis. Zaidi ya hayo, jina la nususpishi lina uzito uleule wa kipaumbele na jina la spishi, kwa hiyo siku mtu mwingine akithibitisha kwamba mnyama yule ni spishi kamili, jina lako na tarehe yako hupanda pamoja naye. Kwa sababu hiyo jina la nususpishi halitungwi kwa wepesi eti kwa kuwa ni daraja la chini. Likikosewa, linabaki kwenye orodha za visawe milele, na kila atakayekuja baadaye atalazimika kulishughulikia.

Jina nililolitunga silitaji hapa na sitalitaja popote. Niliwahi kulitaja katika semina ya chuo, na mwanafunzi mmoja, kwa furaha tu, akaliandika kwenye bango la maonyesho. Nililishusha bango lile mwenyewe. Jina lililozagaa bila maelezo halina uhalali, lakini huanza kunukuliwa, na mtu wa pili akilitumia vibaya katika chapisho la kweli linaweza kumwangukia mnyama ambaye hukumkusudia. Jina na likae kwenye daftari lililofungwa mpaka siku makala inapotoka.

Narudi kwenye ile barua. Baada ya kuisoma nilikaa siku mbili bila kufanya chochote. Siku ya tatu nilitoa mafuvu yote tuliyokuwa nayo, mengi yakiwa ya popo waliookotwa wamekufa, nikayageuza moja moja chini ya lenzi kutazama mshono wa chini. Zaidi ya nusu ulikuwa wazi. Kwa wale niliowapima wakiwa hai msimu wa kwanza nilikuwa na picha za mabawa, na katika picha kumi na nne viungo vya vidole vilionekana vizuri. Kumi na moja vilipitisha mwanga. Niliondoa wote hao kwenye hesabu. Waliobaki walikuwa wachache, na vigasha vyao viliingiliana na vile vya Komoro kiasi kwamba sikuweza kuchora mstari wa kuwatenga. Niligundua pia kwamba mimi na msaidizi wangu hatukuwa tukipima kwa namna moja. Yeye alianzia kwenye kiwiko na kuishia ndani ya mifupa midogo ya kifundo, mimi nilivuka mifupa hiyo, na tofauti yetu ilikuwa milimita kadhaa, karibu sawa na ile tofauti ya visiwa niliyokuwa nikiitangaza.

Wataalamu wa ndege wana kipimo cha zamani kilichoelezwa na Dean Amadon mwaka 1949, kwamba kundi listahili kuitwa nususpishi ikiwa angalau asilimia 75 ya wanyama wake wanaweza kutengwa na karibu wote wa kundi jingine. Si sheria, na wengine hawakubaliani nacho, lakini kinamlazimisha mtafiti kujibu swali la kweli. Nimpe mtu asiyejua kielelezo kimoja bila lebo, je, ataweza kuniambia kimetoka kisiwa gani? Kwa takwimu zangu zilizosafishwa, asingeweza. Sampuli za vinasaba za msimu wa pili, zilizohifadhiwa ipasavyo, nazo hazikunionyesha mpasuko niliouhitaji. Tayari mwaka 2011 kulikuwa kumechapishwa utafiti uliokuta tofauti ndogo za kinasaba miongoni mwa popo wa jenasi hii wa Madagaska na visiwa vya jirani. Niliusoma nikiwa mwanafunzi, nikaupita kwa haraka kwa kuwa haukusema nilichotaka kusikia.

Niliiondoa makala. Nilimwandikia mhariri barua fupi ya kumshukuru yeye na wahakiki, na nilimaanisha kila neno, kwa sababu kama wangekuwa wapole zaidi jina langu lingekuwa limechapishwa juu ya watoto wa popo na manyoya yaliyozeeka. Nilimweleza kaka yangu kuhusu mkopo wake, na hilo lilikuwa gumu kuliko kumwandikia mhariri. Mama alisema tu, "Basi hujampoteza, yuko palepale mtini," nikanyamaza.

Nilirudi Chole mwaka uliofuata kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji, kama nilivyoahidi nilipoomba ruhusa. Ahadi hiyo watafiti wengi huisahau, na wanaokuja baada yao ndio hulipa deni la usahaulifu huo. Yule mzee alikuwa barazani kwake. Nilimwomba radhi kwa kutosikiliza, nikamweleza habari ya tochi na viungo vya vidole. Aliniuliza, "Sasa jina lao ni lipi?" Nikamjibu kwamba ni lile lile la tangu mwaka 1908, la popo wa Komoro. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba hata watu wa pwani hii wana ndugu zao Wangazija, na hakuna anayeona ajabu.

Sijaliacha swali. Vielelezo vyangu vya Komoro vyote vilikuwa ngozi za zamani, na popo wazima niliowapata Mafia walikuwa wachache mno kuthibitisha kwamba makundi haya mawili ni kitu kimoja, kama vile walivyokuwa wachache mno kuthibitisha kwamba ni tofauti. Nimekwisha kuomba vibali vya kupima popo walio hai Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, pamoja na mwenzangu wa Moroni, na safari hii tulianza na karatasi za CITES. Tutatumia kalipa moja, yaani kifaa kimoja cha kupimia urefu, mikono ya mtu mmoja, nyavu zilizopandishwa kwa kapi mpaka juu ya vilele vya miembe, na kwenye daftari, kabla ya safu ya kigasha, nimechora safu mpya yenye upana wa kidole, ambayo humo mpimaji ataandika kiungo kinapitisha mwanga au hakipitishi.